Miti Iliyoachwa Iugue kwa Mama Bathsheba

Risala ya wakulima wa matunda wa Kuja Chini kwa Mkurugenzi wa Mradi wa Kuvu ya Miti, Agosti 1999

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu; Daktari Mayaka na wenzako wa utafiti; chifu; wazee wa hii dala, yaani hii boma; akina mama mliotoka Ndhiwa kwa miguu; jirani zetu Wakuria wa ng'ambo ya mto; na nyinyi watoto mmekaa chini hapo mbele mkiangalia soda ya wageni, hamjambo wote.

KARIBU KWETU

Mgeni rasmi, sisi watu wa Kuja Chini, wengine wa Migori na wengine wa Homa Bay, tumefurahi kukuona na macho. Jina lako tumelisikia miaka minne. Kila kitu tukiuliza tunaambiwa hiyo ni ya Mkurugenzi. Dawa imeisha? Ngojeni Mkurugenzi. Miche inakuja lini? Mkurugenzi ndiye anajua. Kuna wazee walikuwa wameanza kusema hakuna mtu kama huyo, ni jina tu ya kunyamazisha watu. Leo umeshuka kwa gari na miguu mbili kama sisi. Karibu sana.

Kaa vizuri kwa hicho kiti ya kitambaa, maana risala hii si fupi. Kamati iliandika moja fupi, ikapelekwa kwa ofisi ya chifu kuangaliwa, ikarudi imebaki "karibu" na "asante". Hii ni ile ingine. Chifu, utuwie radhi.

MAHALI TULITOKA

Hapa umeketi ni kwa Mama Bathsheba, mjane wa Zablon. Sisi tunamuita Mama Liz.

Zablon alifanya kazi miaka mingi kwa mashamba ya Kitale, kazi ya kupandikiza miti. Aliporudi nyumbani hakuja na redio wala baiskeli. Alikuja na kisu kidogo na vijiti vya avokado amevifunga kwa maganda ya ndizi yenye maji. Watu walicheka mpaka wakachoka. Wakamuuliza kama amerudi kulisha ng'ombe avokado. Yeye akapanda tu, mstari wa juu na mstari wa chini, mpaka ikafika kwa miwa ya ndugu yake Elkana. Miti ikazaa, na wale walicheka ndio walikuja usiku kuomba vijiti. Mama mmoja mnunuzi, Bosibori wa Kisii, akaanza kuja na pikapu yake mpaka kwa mlango. Zablon alikufa '93, akaacha hiyo miti ikiwa na nguvu.

Sasa, mgeni rasmi, hapa lazima ujue kitu moja ya kwetu, kwa sababu risala yote imesimama juu yake. Huku, mjane akibaki na shamba, shamba inaongea kwa kile kiko juu yake. Ikiwa na miti yenye mume alipanda, hiyo ni ya bibi yake na hakuna mtu atauliza. Ikikaa tupu, ndugu ya mume anaingiza ng'ombe, halafu plau, halafu miwa, na wazee wakiitwa watasema shamba ilikuwa imelala, ndugu ameiamsha. Mama Bathsheba alizaa msichana peke yake, na Liz ameolewa. Kwa hivyo hiyo miti kwake si matunda tu. Hiyo ndio ukuta wake.

Ugonjwa uliingia '95. Majani yanaungua kwa ncha, tawi inakauka kuanzia juu ikishuka, ganda inapasuka na inatoa unga nyeupe kama chumvi. Ukichanja tawi, ndani imekuwa rangi ya chai. Na tunda ndio mbaya zaidi, kwa sababu tunda inadanganya. Unaivuna ni safi, inang'aa, ikifika sokoni inaoza kuanzia kwa kikonyo ikienda ndani. Siku moja Bosibori alirudi na gunia akalimwaga hapo kwa lango.

"Mama Liz, mimi si mtu ya matusi," akasema. "Pasua moja wewe mwenyewe."

Mama Bathsheba akapasua tatu, zote zimeoza. Bosibori hakurudi msimu huo.

Ndio akaja Daktari Mayaka. Wakati huo alikuwa Bwana Mayaka, tena mwembamba. Alichanja tawi, akanusa, akaweka kipande kwa karatasi.

"Mama, hii ni kuvu," akasema. "Inaingia mahali mti ina kidonda. Inaweza kukaa ndani kimya. Mti ikipata kiu, ikichoka, ndio inaamka na kuua."

"Ni kama jamaa ya mume," Mama Bathsheba akasema. "Anakuwa mpole mpaka siku ukae vibaya."

Watu wakacheka. Elkana alikuwa hapo na hakucheka.

Bwana Mayaka akamueleza kazi. Mstari wa juu watakata matawi mbaya na kupaka dawa. Mstari wa chini hawataugusa, wataacha ugonjwa ufanye venye unataka, ndio waone tofauti. Hiyo inaitwa kontroli.

"Mnaacha ikufe?"

"Tunaacha tuone, mama."

"Na mimi nikiona tawi imekauka nikate?"

"Hapo utakuwa umeharibu yote. Usikate hata kijiti. Kazi ikiisha tutang'oa huo mstari wote, tuchome, na siku hiyo hiyo tupande miche safi. Mti kwa mti."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Akauliza tena mara ya pili. Bwana Mayaka alidhani huyu mama ana haraka ya kula avokado. Kumbe alikuwa anaangalia miwa ya Elkana. Akakubali.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio iko, hatuwezi kukataa. Kuna ule ubao kubwa pale barabarani wenye jina la mradi, na bendera za nchi tatu. Watu wa Awendo wakielekezwa huku wanaambiwa pitia kwa ubao.

Kuvu yenyewe imejulikana kwa jina. Tulisomewa hapa, ni jina refu ya Kilatini, hakuna mtu aliweza kuirudia isipokuwa mtoto mmoja wa darasa la pili. Vipande vya maganda ya miti yetu vimepanda ndege vikaenda ng'ambo, na kwa kijiji hii hakuna mtu amewahi kupanda ndege. Bwana Mayaka alienda akarudi akiwa Daktari Mayaka. Daktari, tunakupongeza kabisa. Hiyo udaktari iliivia hapa kwetu.

Na mstari wa juu ulipona. Hatusemi uongo, ulipona. Majani yalirudi, na kwa msimu mmoja Bosibori alirudi na pikapu yake. Tulifundishwa kupangusa kisu na Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ukitoka mti hii kwenda ingine. Tulifundishwa kuacha kikonyo kidogo kwa tunda. Hiyo tulishika. Lakini tulifundishwa baada ya ile maneno tutakuja kusema.

Mafanikio kubwa zaidi ni Mama Bathsheba mwenyewe. Miaka karibu tatu hakukata kijiti. Mstari wa chini uko nyuma ya jikoni yake. Matawi yamekauka juu ya paa, upepo ukivuma yanapiga mabati usiku, na yeye anashika kamba anateremka mpaka mtoni kutafuta kuni. Jirani yake Metrine alikuwa anamchokoza.

"Mama Liz, kuni inakuangukia kwa kichwa na wewe unaenda kuifuata mtoni?"

"Hiyo si kuni. Hiyo ni masomo ya watu."

"Basi pika na masomo."

Mvua ya El Niño ikanyesha, jikoni ikajaa maji, hata hapo hakugusa. Alisema alikubali na mdomo yake na hakuna mtu alimlazimisha.

MATATIZO

Mwezi wa tatu '98 chifu aliita baraza. Akasema wafadhili wanakuja kuona miti.

"Sitaki wakute miti imekufa," akasema. "Mnataka waseme hii lokesheni yangu imelala? Safisheni."

Mgeni rasmi, hiyo maneno ya kontroli iliambiwa mama mmoja kwa mlango wake. Haikuletwa baraza. Haikuandikwa kwa ule ubao. Na sisi huku tunajua kukaribisha mgeni. Mgeni akija tunafagia, tunapaka mawe chokaa, tunapaka miti chokaa mpaka hapa kwa kiuno, na tunamfungia lango la matawi apite chini yake kama mfalme. Hata wewe leo umepita kwa mawe nyeupe. Hatujui njia ingine ya kuheshimu mtu.

Mama Bathsheba siku hizo alikuwa hospitali ya Homa Bay, Liz anajifungua. Kama angekuwa nyumbani angelala mbele ya panga, tunamjua.

Vijana waliingia mstari wa chini asubuhi, wakakata kila kitu kavu. Wakaona mstari wa juu una majani mengi kuliko wa chini, wakapunguza na huo pia ndio ifanane. Panga ni ile ile, kutoka kwa mti gonjwa kwenda kwa mti nzima, siku nzima, na nyimbo juu. Vigogo vyote wakapaka chokaa. Matawi yenye bado yalikuwa na majani wakafunga nayo lango. Yale kavu watu wakagawana, maana nani atatupa fito? Metrine alisimamisha nayo nyanya zake. Maroa, jirani yetu Mkuria mwenye machungwa, alibeba mzigo akazungushia ndama wake, hapo hapo katikati ya machungwa. Kila boma ilipata.

Mama Bathsheba alirudi jioni, ameshuka barabarani na kikapu. Akasimama chini ya lango, akaangalia juu.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, mama," wakamwambia, na walikuwa na furaha. "Sasa inakaa kama Nairobi."

Hakupiga kelele. Alipita mti kwa mti akishika kila moja, mpaka kiganja chake chote kikawa nyeupe. Kesho yake Monari, kijana wa mradi anayekuja na baiskeli kupima miti, alifika akashika kichwa.

"Mama, sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika venye iko."

"Nikiandika venye iko, kazi yangu imeisha."

Wafadhili walikuja. Walipita chini ya lango, wakapigwa picha. Walikula avokado na chumvi, mmoja wao akacheza na akina mama mpaka kofia ikaanguka. Daktari Mayaka alifika kwa mstari wa chini akasimama. Aliona, mgeni rasmi. Sisi tulimuona akiona. Mama Bathsheba akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, waambie."

"Si leo, mama. Leo wamefurahi."

Hiyo leo haijaisha mpaka sasa.

Mvua ndefu zilifuata. Hatukujua kwamba hiyo kuvu inaishi kwa fito iliyokufa, na mvua ikipiga fito inarusha ugonjwa kwa mti iliyo karibu. Tulikuja kufundishwa mwaka huu, na Monari, akiwa amekaa kwa baiskeli yake, bila kuangalia mtu kwa uso. Mstari wa juu uliugua upya. Machungwa ya Maroa ikaanza kukauka kutoka upande wa ndama. Avokado mbili za Metrine zimekufa, na miti ya gravelia ya shule imeshikwa. Sokoni watu wakaanza kusema ni mkono wa yule mjane, ndio maana alikuwa anachunga miti iliyokufa. Kuna mama alikuwa anachota maji na yeye miaka kumi, siku hizi anapitia njia ingine.

Elkana naye akaja, tena na adabu, ameshika kofia.

"Yuora," akasema, ndivyo shemeji anaitana kwetu, "hii sasa si shamba, ni makaburi. Acha nikusaidie kulima."

"Ukizika mtu, unalima juu yake?"

"Mimi nasema tu. Miti ikianguka, wazee watakuja kuangalia nini kiko hapa."

Na wazee walishaulizwa. Walijibu venye wazee wanajibu: wakati miti imesimama, ni ya Bathsheba. Ikianguka na kitu kisipandwe, tutaona. Sisi tunajua hiyo "tutaona" maana yake.

Halafu mwezi jana Monari akaleta maneno yenu. Mradi unafungwa. Kwa sababu jamii iliingilia utafiti, mstari wa chini haukuhesabiwa, kwa hivyo miche haitoki. Lakini miti isikatwe mpaka Mkurugenzi aje, picha za mwisho zinatakiwa. Na Mama Bathsheba atapewa cheti cha mkulima bora.

Mama Bathsheba alisikiliza yote. Akauliza, "Cheti inapandwa msimu gani?"

Monari alikunywa uji akaenda.

Mgeni rasmi, unaona mahali huyu mama amesimama. Akiacha miti, inaua miti ya kila mtu. Akikata, shamba yake inaenda. Juzi Maroa alikuja kwake, amesimama nje ya ua kama mgeni, na hawa ni watu wamekopeshana chumvi tangu tuzaliwe.

"Mama Liz, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mvua ya Septemba ikikuta hizi hazijachomwa, machungwa yangu imekwisha yote. Nina watoto wawili sekondari."

"Nikikata, mimi nitakaa wapi?"

"Sijui. Nimelala nikifikiria na sijui."

Mama Bathsheba akamkaribisha chai. Walikunywa pamoja.

MAOMBI

Chifu alitaka tuombe barabara na josho la ng'ombe. Tunavihitaji, lakini hatutaviomba leo, maana mtu akiomba vitu vingi anapewa soda.

Tunaomba useme hapo kwa kipaza sauti, na mdomo yako, kwamba mradi ndio ulitaka ile miti iachwe iugue. Useme Mama Bathsheba aliitwa, akakubali, akashika neno lake kuliko nyinyi mlivyoshika lenu. Sema Kiswahili, na polepole, watu wa sokoni wako hapa. Na useme hatukuambiwa. Mnasema tuliingilia utafiti. Mtu anaingilia kitu anakijua. Sisi tulikuwa tunawafagilia.

Na tunaomba miche.

Mgeni rasmi, utakuwa umeona kile kiti karibu na Daktari hakina mtu. Ni cha Mama Bathsheba. Na utakuwa umesikia kitu inagonga huko nyuma ya jikoni tangu tuanze kusoma. Chifu ametuma mtu mara mbili kuinyamazisha. Hiyo ni shoka, na ni yeye anaishika. Jana jioni aliita kamati akatuambia, na tunasoma venye alisema:

"Nimekaa nimeona siwezi kungoja nikiwa nimeshika shamba yangu kwa kuua shamba ya watu. Nitakata mgeni akiwa ameketi. Mtu akikuja kusema niliacha shamba ikalala, kuna mkubwa ameona kwamba sikulala, nilikata mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilikuwa naambiwa nitapandiwa."

Tulimwambia angoje kwanza risala isomwe, pengine utasema kitu. Akasema amesikia mengi ikisemwa chini ya hii miti.

Maroa yuko huko naye, anavuta matawi. Moto utawashwa mkimaliza kula, kwa hivyo dereva asogeze gari. Picha za mwisho mkitaka, mpige sasa, bado mingine imesimama. Na cheti iko hapo mezani kwa fremu. Ametuomba tusiipokee.

Nasari ya miche ya mradi iko njia ya Homa Bay. Tunaijua, udongo yake tulibeba sisi na mikokoteni yetu. Miche iko ndani, imefika magotini, Monari ndiye anainyunyizia maji. Gari ya mradi ndiyo hiyo, na imebeba viti peke yake. Ikitoka saa hii, jua bado iko.

Leo ni Alhamisi. Elkana amekodisha trekta, inakuja Jumatatu asubuhi. Hajatuficha, ametuambia mbele ya wazee, na yuko hapa anasikia. Miche ikifika Ijumaa, ama Jumamosi, ama hata Jumapili watu wakiwa kanisani, tutatoka kanisani tupande. Mashimo tutachimba mbali na mizizi ya zamani, tulifundishwa. Lakini miche ikifika Jumanne, mgeni rasmi, tunakuomba kwa heshima yote, isishushwe kwa gari. Ipelekeni mbele, kwa mtu ambaye bado ana shamba.

Mungu akurudishe kwako salama, ukute nyumba yako imesimama na vile uliviacha viko. Akupe mvua kwa wakati wake. Na kila neno umewahi kuambia mtu maskini, Mungu akukumbushe ukiwa bado na nguvu ya kulitimiza.

Ni sisi,

Kikundi cha Wakulima wa Matunda, Kuja Chini.